Mapengo ya Mbuchi

Jumamosi, mwezi 10 Mfunguo Tisa

Vinywa tangu asubuhi. Kundi la Kitwana la wakata boriti linaingia mikokoni kesho, na Kitwana hapeleki mtu msituni mpaka nimemtazama meno. Ana haki. Mwenye jino bovu hakati boriti. Hulala kambini ameshika shavu, akala mchele wa wenzake.

Kazi yenyewe haina siri. Mtu asukutue kwa maji ya chumvi. Akae juu ya kibao, uso kwenye mwanga, kichwa kati ya magoti yangu. Kwanza nje: shavu limevimba au liko sawa, tezi chini ya taya ngumu au laini. Halafu harufu. Pua yangu inajua mengi kuliko macho, wala sijapata kuiomba radhi. Halafu midomo, ulimi juu, ulimi chini, fizi. Ndipo meno. Naanza la mwisho juu kulia, nazunguka hadi la mwisho kushoto, nashuka, narudi. Kila moja naligonga kwa kitako cha msumari. Jino zima hunyamaza. Jino bovu humwinua mwenyewe kutoka kibaoni. Linalocheza nalisukuma kwa kidole nijue linacheza kiasi gani. Ukoga naukwangua. Mwisho nasaha: mswaki asubuhi na jioni, chumvi, usilale na tambuu shavuni. Wanasema ndiyo. Wanakwenda zao. Wanalala na tambuu shavuni.

Nilijifunza kupitia dirishani. Kilwa, Wajerumani walipoingia tu, daktari wao wa Kidachi alikuwa akitazama vinywa vya askari, na mimi nafagia nje ya dirisha lake. Nilifagia pale pale mpaka pakawa shimo. Siku waliponifukuza kwa uvivu nilikuwa nimehitimu.

Watu huuliza, mbona unatazama jino lisilouma? Nawajibu, basi ngoja liume, tukutane na koleo.

Leo nimezuia mtu mmoja tu, ana usaha kwenye fizi. Na mmoja kapita bila kutazamwa, kama ada: mkwe wangu Selemani. Mwaka wa pili huu amemuoa mwanangu Zena na hajafungua mdomo mbele yangu. Hali nami sahani moja. Hacheki nikiwapo. Akinisalimia hufunika mdomo kwa kiganja na kutazama chini. Ni adabu ya kwao milimani, Umatumbini. Na kwetu mkwe huona haya, lakini huyu kazidisha. Kitwana humpitisha kwa dhamana yake mwenyewe. Kwa hiyo makoo yote ya mitoni huku nimeyaona, isipokuwa la mtu anayelala nyumbani kwangu.


Jumatano, mwezi 14

Vita. Waliotoka Kibiti wanasema milimani watu wameng'oa pamba ya serikali na kuwafukuza wasimamizi. Wamepewa dawa ya maji. Ukinywa, risasi ya Mdachi inageuka maji.

Mimi maji nayajua. Miaka yote hii nawasukutulisha watu, wanatema, na jino linabaki limeoza. Sikusema hivyo barazani. Nimeandika tu hapa.

Selemani yuko mikokoni. Hana vita wala dawa. Afadhali.


Jumanne, mwezi 20

Amekuja Akida. Mtu wa pwani, kanzu safi, bakora, askari wawili nyuma. Nilidhani kaja kwa kodi, kumbe kaja kwa gego. Alikaa kibaoni kama anayekalia kiti cha liwali. Nilimtazama kwa utaratibu wangu, sikumruka hata kidogo. Gego la chini kushoto lina tundu, bado halijafika kwenye uhai wa jino. Nililisafisha, nikalijaza karafuu iliyopondwa. Akapata nafuu. Akafurahi.

Nami nikafurahi kwamba yeye amefurahi. Hapo ndipo penye ubaya. Nikaanza maneno. Nikamwambia mimi mtu hawezi kunidanganya atokako. Mdomo wake unanitosha. Huyu wa pwani, meno mekundu kwa tambuu. Huyu wa juu mtoni, kuelekea Ngorongo, meno yake nayajua kwa madoa ya maji ya kwao. Na watu wa milimani, nikasema, zile koo zinazochonga, wale hata kipofu atawajua. Vijana wao hukatwa kwa patasi meno mawili ya mbele juu, pembeni pembeni, pakabaki uwazi kama paa la kibanda.

Akida akanitazama kwa kioo changu kidogo, akitafuta gego lake. Akasema, "Hata kipofu, Fundi?"

Nikasema hata kipofu.

Askari wakacheka. Nikacheka nao.


Alhamisi, mwezi 22

Amri imesomwa baada ya adhuhuri. Watu wa milimani wanaokimbia vita wanajificha mitoni, kwenye makundi ya wakata mikoko. Ni Waislamu kama sisi, Kiswahili wanakisema, serikali haiwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza ya Rajabu wanaume wote wa makambi na wa mji waje bandarini. Fundi atawatazama meno. Waliochongwa wanakwenda bomani.

Bomani hakuna anayerudi siku hizi. Kuna mti na kamba. Huo ndio utaratibu wa huko.

Niliposikia "Fundi atawatazama" watu waligeuka kuniangalia. Sikujua niuweke wapi uso wangu.


Ijumaa, mwezi 23

Zena kaniletea uji, akaketi. Mwanangu si mtu wa kuketi. Uji ukafanya ngozi. Halafu akasema:

"Baba, Selemani amechongwa."

Nilijua kabla hajamaliza. Kiganja kile. Haya ile iliyozidi. Mimi hodari wa kumjua mtu kwa mdomo wake, miaka miwili nimeona kiganja nikakiita adabu. Zena anasema ni adabu vilevile. Anasema tangu alipokuja huku watoto walimcheka meno, ndipo akazoea kufunika, na mbele yangu zaidi, maana mimi ndiye bingwa wa meno na hakutaka nimwone mshamba.

Nilimuuliza kama amewahi kunywa hayo maji. Akaniambia Selemani hajafika kwao tangu harusi. Hana alichofanya. Ana meno tu.

Kutoroka hakupo. Mlango wa bahari una mashua ya serikali. Njia ya Kibiti ina askari, na anayekamatwa bila cheti cha Akida hafikishwi hata bomani. Kumpitisha kwa uongo hakupo. Jipu naweza kulificha, gego naweza kulisemea uongo. Jino la mbele liko mlangoni, na askari atakuwa nyuma ya bega langu.

Naogopa. Naandika hivyo nilivyo. Naogopa.


Jumapili, mwezi 25

Nimekwenda kambini kwa mtumbwi, nyuma ya kijiji cha Kiongoroni. Koleo, karafuu, chumvi, vitambaa. Njia nzima nilijisemea kwamba nakwenda kutazama tu.

Kitwana alitupisha. Ni mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuelewa. Aliwatuma wengine wakafunge boriti ng'ambo ya mkondo.

Selemani hakukataa. Ila hakuweza kufungua mdomo. Si kwa ukaidi. Alijaribu, taya likagoma, jasho likamtoka. Mtu atafunguaje mdomo mbele ya baba mkwe? Mwisho alifumba macho, ndipo akafungua.

Meno mazuri kuliko yote niliyoyaona mitoni. Hakuna tundu, hakuna ukoga, fizi kama za mtoto. Nilimtazama kwa utaratibu, nyuma hadi mbele, maana mkono ukishazoea hauambiwi. Yale mawili ya juu yamekatwa na fundi wa kweli. Mjomba wake, kabla ya jando. Nilimhusudu yule mjomba.

Nilifikiri kuyatia tupa, yawe sawa. Yatabaki mafupi, na alama ya tupa itaonekana ni ya jana. Askari si mjinga kiasi hicho. Nilifikiri kuziba kwa nta. Nta haikai penye mate. Nikazunguka, nikarudi pale pale.

Nikamwambia yote mawili yatoke, na ya jirani zake mawili, ili pengo lionekane la ugonjwa, si la makusudi. Akauliza swali moja, macho bado kafumba:

"Baba, Zena hatanichukia?"

Nikamwambia Zena hakuolewa na meno.

Jino bovu hutoka lenyewe, unalisindikiza tu. Jino zima ni mti. Unalizungusha kidogo huku, kidogo kule, mpaka mfupa ulegee, na kila ukizungusha mtu anajua. Kitwana alimshika kichwa. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa nikiguna.

Nilimpa chumvi na karafuu. Nikamwambia asiteme kwa nguvu, asifyonze, asiguse kwa ulimi. Akaniitikia kwa kichwa. Kiganja kikarudi mdomoni, na safari hii kilikuwa na kazi.


Ijumaa, mwezi mosi Rajabu

Bandari imejaa. Kibao changu kwenye jua. Askari mmoja nyuma ya bega, mwingine kwenye mstari, Akida kivulini.

Nilianza kwa utaratibu wote na maji ya chumvi. Akida akasema nisimalize siku na magego ya watu, mbele panatosha. Nikamjibu kazi nusu siijui. Nilitaka jua lizame. Halikuzama.

Selemani alipofika nilitazama nje, tezi, fizi, kila kitu, kama simjui. Akida akasogea. Kijana hivi na mapengo? Nikasema ugonjwa wa fizi, Bwana Akida, na huu unaambukiza. Akaurudisha mkono wake ndani ya kanzu. Selemani akapita.

Nilitaka kucheka. Tumbo lote lilikuwa linacheka.

Watu kumi hivi baadaye akakaa kijana wa kambi nyingine, simjui. Patasi wazi kama mlango. Nikasema kwa sauti, huyu mwanya wa kuzaliwa. Yule askari akainama, akapitisha kidole chake mwenyewe kwenye ukingo wa jino. Akasema, "Mungu hana patasi, mzee." Wakamfunga mikono. Yule kijana alinitazama bila hasira, kama mtu aliyeona nimejaribu. Ningependa angenitukana.

Wamechukua wanne leo.


Jumanne, mwezi 5 Rajabu

Wamekuja watatu, wakimbizi wa milimani waliojificha siku ile, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya kaja kunyolewa, maana nywele pia nanyoa. Wamesikia. Nani kasema? Mkondo wa maji unasema, mikoko inasema, Kitwana anasema. Akida ametangaza atarudia ukaguzi Ijumaa ya mwezi 15, mara hii hata waliokuwa mbali kuvua.

Nimeng'oa. Ningefanyaje? Niliyemfanyia mkwe nimnyime mtoto wa mwenzangu?


Jumamosi, mwezi 9

Wengine. Wa Kiongoroni, wa makambi ya ndani, hata wawili walioteremka mtoni kutoka Ngorongo, wamejificha chini ya mikeka. Karafuu imekwisha. Natumia chumvi na maneno. Nina maneno mengi. Nawaambia mke hakuolewa na meno, na wasio na mke nawaambia watapata aliyechoka kung'atwa. Wanacheka wakiwa wamefunga midomo.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Nimeanza kujiona mkubwa. Mdachi ana bunduki, watu wa milimani wana maji, mimi nina koleo, na la kwangu ndilo linalofanya kazi. Nililala nikiwaza hivyo. Nililala vizuri.

Leo pia kaja Mwinyi, mtoto wa Mbuchi hapa hapa, mama yake jirani yangu. Hakuchongwa. Ana mwanya wa kuzaliwa, ule wanaousifia wanawake. Nikamwambia nenda zako, huna kosa. Akasema askari hajui patasi na kuzaliwa, wewe mwenyewe ulishindwa kumwambia. Akalia. Nikamng'oa.


Jumatano, mwezi 13

Kitwana kapita kuchukua boriti zake. Kaja na kichekesho. Tangu apokee wakimbizi, kambini karibu hakuna tena anayeweza kupiga mluzi. Zamani mti ukielekea kuanguka mkataji hupiga mluzi na wenzake hukimbia. Sasa wanapuliza upepo mtupu. Jana mkoko umemvunja mtu mguu.

"Fundi, kundi langu limekuwa la mababu," alisema. "Ukiwaona wamekaa wanakula ugali utadhani ni kikao cha urithi."

Nilicheka. Nikaendelea kukwangua kibao. Halafu mkono ukasimama.

Kundi zima la vijana. Wote bila meno ya mbele. Yale yale.

Kitwana alikuwa bado anacheka. Nilimwona uso ukimbadilika polepole akinitazama.


Alhamisi, mwezi 14

Nimekwenda kambini tangu maji yalipojaa. Nimewaambia watawanyike. Wapi? Wakauliza kwa upole tu, kama wanaotaka kujua njia. Mlangoni mashua, barabarani askari. Na mtu atakayewapokea ataona midomo yao. Wamekuwa na alama ambayo hata kipofu ataijua. Kabla ya hapo baadhi yao wangeweza kufunga mdomo, kujifunika kiganja, kupita. Sasa wakisema neno moja tu wamejitaja.

Na mimi ndiye niliyewatia alama. Mmoja mmoja. Kwa utaratibu.

Selemani alinisindikiza hadi kwenye mtumbwi. Alisema, nyuma ya kiganja chake, "Baba, usijisumbue. Ulifanya kazi yako."

Ndivyo alivyosema. Najichukia.


Ijumaa, mwezi 15 Rajabu

Nilibeba kibao changu mpaka bandarini. Akida akasema nikirudishe.

"Leo huna haja ya kutazama, Fundi. Waambie wacheke tu."

Sikuwaambia. Askari aliwaambia. Mstari wote wa wanaume, asubuhi, wakacheka bila kucheka. Wenye meno wakasimama kulia. Wenye pengo la mbele wakasimama kushoto. Wazee wakaachwa. Haikuwa hata kazi ya dakika kumi.

Akida alinipita karibu, akanigusa bega kama rafiki. Akasema ugonjwa ule wa fizi kweli unaambukiza.

Mama yake Mwinyi akaja na mtandio umemwanguka, akasema huyu mtoto nimemzaa Mbuchi, mwulizeni Fundi. Nikasema ni kweli. Nikaapa. Ni mtoto wa hapa, mwanya wake ulikuwa wa kuzaliwa, nilimjua tangu anatambaa.

"Basi kama hakuwa na neno," Akida akauliza, "aling'olewa meno kwa nini?"

Bandari nzima ilinigeukia. Mpaka sasa natafuta jibu. Hakuna.

Wakawafunga kwa mnyororo mmoja. Selemani wa tatu kutoka mbele. Zena alikuwa kwenye kundi la wanawake. Hakuwa anamwangalia Selemani. Alikuwa ananiangalia mimi.


Jumatatu, mwezi 18

Zena hanisemeshi. Anapika, anateka maji, anafagia. Hanisemeshi.


Jumapili, mwezi 24

Nimerudi leo kutoka bomani. Nilikwenda kujishtaki. Nilijipanga njia nzima, maneno yamekaa sawa: niliyeng'oa ni mimi, nikamateni, wale waachieni, pengo si kosa lao, ni kazi ya mkono wangu.

Akida alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akasema anajua, tangu siku ya kwanza ya mapengo alijua. Angenifunga lini, na gego lake bado halijapona? Mzungu naye ana jino. Askari wana meno. Vita ni virefu, mtu wa meno ni mmoja. Akaagiza nipewe wali.

Sina hata thamani ya kunyongwa.

Halafu wakanipa kazi. Wafungwa wengine watakuwa wapagazi wa safari ya kusini, chakula chao mahindi makavu. Nitazame nani ana magego ya kutafunia, nani hana. Nikafikiri: hii ndiyo nafasi. Wote nitasema wana magego kama mawe. Mpagazi anaweza kufa njiani, lakini anaweza pia kurudi.

Niliwatazama wote uani, mnyororo ukiwa shingoni mwao. Nilisema huyu safi, huyu safi, huyu safi. Karani wa Kihindi hakuinua hata uso.

Selemani alipokaa sikuweza kuanza. Yeye akaanza. Alinisalimia, "Shikamoo baba," na hakufunika mdomo. Alinitazama machoni. Miaka miwili, mara ya kwanza. Haya imemtoka. Ndipo nilipojua kwamba yeye anajua hatarudi.

Fizi zimepona vizuri. Zimefunga sawasawa, hakuna uvimbe, hakuna harufu. Magego yote mazima. Nilimgonga moja baada ya jingine nisimalize haraka. Nikatangaza: huyu ana magego ya punda, atabeba mizigo miwili.

Akida alikuwa amesimama mlangoni. Akasema wenye mapengo hawamo kwenye hesabu ya wapagazi. Nimetazamishwa kwa sababu karani alisahau kuwatoa mstarini.

Selemani akainuka, akanipisha nimtazame mwenzake.


Jumatatu, mwezi 2 Shabani

Wamenyongwa. Kitwana ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuingia. Wote wa mnyororo ule. Na Mwinyi.

Zena alisikia akiwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka ukabaki ungo mtupu, naye bado anapepeta.


Jumanne, mwezi 3

Mama yake Mwinyi hakunitukana. Aliniletea kibao changu nilichokisahau bandarini siku ile. Akakiweka mlangoni, akaenda zake.


Alhamisi, mwezi 12 Shabani

Hakuna anayekuja. Nikipita, watoto wanafumba midomo. Wameambiwa na mama zao. Sijui waliwaambia nini kuhusu mimi. Chochote walichosema ni sawa.

Mashamba ya juu mtoni yamechomwa, waliobaki hawakulima. Mchele unapungua. Mwaka ujao watu watakufa bila kamba. Kutakuwa na meno mengi mazima na hakuna cha kutafuna.

Akida ameniita. Gego. Nimekwenda. Nimemsukutulisha, nimetazama nje, tezi, ulimi, fizi, yote. Lile tundu limefika kwenye uhai sasa. Mkono wangu ulikuwa na koleo na kichwa chake kati ya magoti yangu, macho kafumba, koo wazi. Ningeweza kufanya jambo. Sikulifanya. Nililing'oa vizuri, nikampa chumvi, nikamwambia asiteme kwa nguvu. Akanishukuru.

Mimi ni mwoga na fundi mzuri. Sijui kipi kilichowaua.


Jumanne, mwezi 2 Ramadhani

Futari ya muhogo, kidogo. Tumekula, Zena upande wake, mimi wangu.

Alipotoa vyombo nilidhani ameingia ndani. Alirudi na kikombe cha maji ya chumvi. Akasukutua nje, akatema. Akavuta kibao karibu na taa, akakaa, akaweka kichwa kwenye magoti yangu, akafungua mdomo. Hakusema kinachouma.

Nilimtazama. Nje hakuna uvimbe. Taya limekaza pande zote mbili, kama kamba ya kufungia boriti. Ulimi safi. Fizi safi. Nikagonga yote, polepole. Anasaga meno usingizini. Magego ya nyuma vilele vimelala, vinang'aa. Nilipapasa taya kwa vidole viwili, chini ya sikio, kama ninavyowafanyia wenye kukaza, mpaka likaanza kulegea.

Nikamwambia hakuna jino bovu.

Alifunga mdomo. Hakuinuka. Kichwa chake kilibaki pale, kizito. Msikitini walikwisha anza tarawehe. Sikwenda. Sikuondoa mkono.